Shule ya parokia ikitangazwa kufungwa, anzeni na daftari la majina

Nyumbani Tanzania, mzazi anayetaka mtoto wake asome kwa masista hupanga foleni. Kuna mtihani wa kujiunga, kuna usaili, na miaka ile shule zilipokuwa bado zinatangazwa kwa nafasi, matokeo ya kidato cha nne yakitoka watu waliangalia kwanza sekondari ya wasichana ya St. Francis ya Mbeya imeshika nafasi ya ngapi. Ndiyo maana wengi wetu tuliohamia Marekani hatuamini tukisikia kwamba huku Kanisa hilohilo linafunga shule, tena kwa makumi. Halafu siku moja barua ya jimbo la Kanisa inafika nyumbani, na shule iliyotajwa ni ya mwanao.

Mimi ilinifika Januari 2012, hapa Philadelphia. Ijumaa ya tarehe 6, tume iliyoundwa na jimbo kuu ilitoa mapendekezo yake: shule za msingi zipatazo 45 na sekondari 4 zifungwe au ziunganishwe na nyingine. Shule ya parokia yetu, alikokuwa akisoma binti yangu darasa la tatu, ilikuwemo. Tulikata rufaa, tukashindwa. Zile sekondari 4 zilinusurika zote. Tangu hapo nimekaa kwenye kamati ya shule tuliyounganishwa nayo, nimeona parokia nyingine zikipitia yaleyale, na hupigiwa simu usiku na wazazi wenzangu wa Kiswahili wakiuliza, "Dada, tufanye nini?" Nawajibu wote hapa.

Kabla ya mabango, kabla ya barua kwa askofu, chukueni daftari mwandike majina ya watoto watakaokuwa darasani Septemba ijayo, mwaka mpya wa masomo ukianza. Mengine yote yanafuata nyuma ya daftari hilo.

Sababu iko kwenye namna shule hizi zilivyojengwa. Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore wakaagiza kila parokia iwe na shule yake. Wahamiaji kutoka Ireland, Ujerumani, Italia na Poland, watu wa viwandani na bandarini, wakachanga senti zao wakajenga. Walimu walikuwa masista, waliofundisha kwa posho ndogo na kuishi konventini, hatua chache kutoka darasani. Mwaka 1965 masista walikuwa kama 180,000 nchi nzima. Leo hawafiki 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5, na sasa ni kama milioni 1.7. Mwalimu mlei, asiye sista wala padre, ana kodi ya nyumba na familia ya kulisha, anahitaji mshahara na bima ya afya, kwa hiyo ada ikapanda. Wajukuu wa waliojenga wakahamia vitongoji vya mbali. Hapa kwetu, Cardinal Dougherty, sekondari iliyowahi kuwa na wanafunzi wapatao 6,000, ilifungwa mwaka 2010 ikiwa imebakiwa na mamia tu.

Ada peke yake haitoshi kuendesha shule. Pengo huzibwa na parokia, kutoka sadaka ya Jumapili, na parokia ikiishiwa hukopa. Jengo linataka joto lilelile la Januari wakiwa watoto 120 au wakiwa 220. Anayesoma rufaa yenu anatafuta jambo moja: watoto watakuwa wangapi mwakani, na nani amelipa amana, yaani malipo ya awali ya kumshikia mtoto nafasi. Barua ya kueleza jinsi bibi yenu alivyopokea komunyo ya kwanza katika kanisa hilo ataisoma, na pengine itamgusa, lakini haina pa kuingia kwenye bajeti.

Sasa hilo daftari linajazwaje? Tuliweka meza mlangoni mwa kanisa kila baada ya misa ya Jumapili: jina la mtoto, darasa, simu ya mzazi, na alama kwa aliyelipa amana. Jumapili ya kwanza Wamarekani walijaa, wakaandika. Wahamiaji wakawa wanapita pembeni kwa adabu, wanatusalimia na kuondoka. Mama mmoja kutoka Bukavu, mwenye watoto wanne, alirudi watu walipopungua akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nikiandika jina ya mtoto hapa, watanidai falanga?" Watoto wake walikuwa shule ya serikali. Alitamani kuwaleta kwetu muda mrefu, lakini alishaona kiwango cha ada kwenye karatasi akajua hakimhusu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba familia nyingi hazilipi kiwango kile, kwamba kuna fomu ya msaada, na kwamba Pennsylvania tangu 2001 ina sheria inayoyapa makampuni nafuu ya kodi yakichangia ufadhili wa wanafunzi. Tulikaa naye kwenye benchi tukajaza fomu zote nne. Aliporudi Jumapili iliyofuata alikuwa na majirani zake.

Hapo ndipo sisi tunaotoka Afrika Mashariki na Kongo tuna kitu ambacho parokia nyingi za huku hazina. Tumelelewa kwenye jumuiya ndogondogo. Tunajua nyumba gani ina mgonjwa, nani amejifungua, mtoto wa nani amefukuzwa ada. Taarifa inayosomwa na padre mwishoni mwa misa haifiki kwa mama anayefanya kazi ya usiku hospitalini, ila mwanajumuiya mwenzake anayo namba yake. Wagawieni watu mitaa, nendeni nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aende mtu anayeongea lugha ya hapo: Kiswahili, Kihispania, Kivietinamu, Krioli ya Wahaiti. Msiwaruke wasio Wakatoliki. Katika shule nyingi za parokia za mjini Philadelphia wao ni sehemu kubwa ya wanafunzi, wapo Wabaptisti na Waislamu, na wanaipenda shule kama sisi.

Pamoja na majina, ombeni hesabu kwa maandishi: idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano, parokia inachangia kiasi gani, deni kwa jimbo, na matengenezo yanayosubiriwa, hasa paa na boila. Ombeni mapema, kwa heshima, na mkataliwapo ombeni tena kwa barua yenye sahihi za wazazi. Sisi tulizipata karatasi zetu rufaa ikiwa imebaki siku chache isikilizwe, na idadi ya wanafunzi iliyotumika dhidi yetu haikuhesabu watoto wa chekechea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mtu atasimama mkutanoni aulize kama pesa za shule zimekwenda kwa mawakili wa kesi za mapadre waliodhulumu watoto kingono. Kwetu aliuliza, na ukumbi ukalipuka, maana ripoti ya jopo la mahakama ya Philadelphia kuhusu uovu huo ilikuwa imetoka Februari 2011, haijatimiza hata mwaka. Ni swali halali na mzazi ana haki ya kujibiwa. Shauri langu ni liandikwe, lipelekwe jimboni kwa jina la kamati, na mkutano uendelee. Tulipoteza jioni nzima tukipiga kelele, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa usiku ule.

Je, maandamano hayana kazi? Yana kazi kubwa, mradi yawe na mahali pa kuwapeleka watu walioguswa. Ile sekondari ya wasichana ya St. Hubert, iliyokuwa miongoni mwa zile 4, wanafunzi wake walisimama kwenye baridi na mabango, televisheni zikaja, na waliosoma hapo zamani wakaona. Lakini walipoona walikuta mfuko umeshafunguliwa, kuna kamati ya wahitimu na kiwango cha kufikia. Walichanga zaidi ya dola milioni moja katika wiki chache. Kwa jumla, sekondari hizo zilipata ahadi za zaidi ya dola milioni 12, na Februari 24, 2012 Askofu Mkuu Charles Chaput akatangaza kwamba zote zitabaki. Baadaye mwaka huohuo uendeshaji wa sekondari za jimbo kuu ulikabidhiwa taasisi ya walei, Faith in the Future. Shule ya msingi haina wahitimu wenye uwezo wanaoikumbuka namna hiyo. Wengi huikumbuka sekondari. Kwa hiyo msijipime na St. Hubert mkakata tamaa. Njia iliyozifaa baadhi ya shule za msingi za mjini ilikuwa nyingine: zaidi ya kumi zilitolewa chini ya parokia zao na kuwekwa chini ya mtandao wa Independence Mission Schools, unaotafuta wafadhili kwa ajili ya zote kwa pamoja. Ulizeni mapema kama jimbo lenu lina mpango wa aina hiyo.

Kuna wanaokimbilia sheria ya Kanisa. Ni kweli unaweza kumwomba askofu abadili uamuzi wake, na muda ni siku 10 tu za kisheria tangu kupata taarifa, kisha siku 15 za kukata rufaa Roma. Mwenye ujuzi huo aifanye kazi hiyo, wengine wasiisubiri. Roma huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na mtoto wa darasa la tatu anahitaji dawati Septemba.

Ikishindikana, na mara nyingi hushindikana, ombeni kitu kimoja kwa nguvu zote: watoto wahamie pamoja. Wazazi wetu nyumbani Tanzania waliona shule za misheni zikitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Mwenye shule alibadilika, lakini watoto walibaki kwenye madawati yaleyale na rafiki zao walewale. Huku shule inafungwa kufuli, na darasa la watoto 22 linaweza kutawanyika kwenye shule kumi. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule jirani na daftari letu, tukamwonyesha majina, tukamwomba apokee darasa zima kwa ada ya zamani mwaka wa kwanza. Alikubali kwa madarasa matatu. Aliwachukua pia walimu wetu wawili, na binti yangu alipoingia siku ya kwanza akamkuta mwalimu wake wa darasa la pili amesimama mlangoni, aliacha kulia. Kwa yale madarasa mengine hatukufanikiwa, na wapo watoto ambao mpaka wanamaliza darasa la nane hawakupata tena rafiki wa karibu.

Chukueni nakala za rekodi zote kabla ofisi haijafungwa: matokeo, chanjo, vyeti vya ubatizo kwa wanaojiandaa kwa komunyo, na hasa mipango ya watoto wanaohitaji msaada maalumu wa kujifunza. Walimu nao wakumbukwe. Bima yao ya afya inaisha pamoja na kazi. Wazazi tuliwaandikia barua za kuwapendekeza, tukapitisha bahasha baada ya misa. Na mtoto aambiwe ukweli na mzazi wake kabla hajausikia kwenye basi.

Msidhani mna muda. Mwaka 2020, wakati wa korona, shule nyingi zilitangaziwa kufungwa wazazi wakiwa majumbani, hata kuagana hawakuagana. Institute of Notre Dame ya Baltimore, iliyofunguliwa 1847, ilitangaziwa Mei ikafungwa Juni 30. Na kuna Brighton, Boston, ambako Juni 2005 jimbo kuu lilibadilisha kufuli za shule ya Our Lady of the Presentation kabla mwaka wa masomo haujaisha, kwa kuhofia wazazi wangeikalia. Wazazi wale sitaacha kuwaheshimu. Shule hawakuirudisha, lakini waliunda taasisi yao, wakapigania jengo mpaka wakalinunua, na likawa kituo cha jamii cha mtaa mzima. Kama jengo lenu linauzwa, tafuteni nani ananunua na kwa matumizi gani, wakati bado mna watu wa kukaa mkutanoni.

Wewe ambaye shule ya mwanao haijatajwa, simama kwenye kikao kijacho cha wazazi uulize watoto wangapi wamejiandikisha kwa mwakani, parokia inafidia kiasi gani, na paa lina umri gani. Wakikwambia walioandikishwa darasa la kwanza ni tisa, waulize meza itawekwa Jumapili ipi, ujitolee kukaa.