Mwalimu, mwanangu aanze nasari lini?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Masese, hapa Jinja. Mwanangu wa kwanza alitimiza miaka miwili mwezi wa Julai. Nasari moja ya mjini imekubali kumpokea bebi klasi muhula wa kwanza utakapofunguliwa mwezi wa Februari, na gari la shule litakuwa likimpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba yake anataka aanze mara moja, kwa sababu mtoto wa jirani, ambaye hawajapishana hata mwaka, anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza. Mama mkwe wangu anasema mtoto bado ananuka maziwa. Mimi nauza mukene, yaani dagaa, sokoni, natoka nyumbani kabla ya mapambazuko, na msichana aliyekuwa akinisaidia amerudi kwao. Tumsikilize nani?
Mama wa Masese

JIBU: Mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoona kwamba neno zito kuliko yote umeliweka mwishoni: msichana wa kazi ameondoka. Una maswali mawili hapo. La kwanza ni lini mtoto awe tayari kwa shule, na la pili ni nani abaki naye wakati wewe uko sokoni. Wazazi wengi hulijibu la pili kwa kujifanya wamelijibu la kwanza, na mtoto ndiye hubeba gharama.

Nianze na hesabu ya umri, maana ndiyo nyepesi. Nasari zetu za Uganda zina ngazi tatu: bebi klasi kwa mtoto wa miaka 3, mido klasi kwa wa miaka 4 na topu klasi kwa wa miaka 5, kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamtaka mtoto awe darasa la kwanza kuanzia miaka 6. Mwanao akianza Februari hii atakuwa na miaka 2 na miezi 7, na akipanda bila kurudia atafika darasa la kwanza akiwa na miaka 5 na miezi 7. Akisubiri mwaka mmoja, atafika huko akiwa na miaka 6 na miezi 7, umri ambao sheria inaukubali bila maneno. Miezi kumi na miwili ni kitu kidogo kwetu sisi watu wazima, lakini kwa mwanao ni zaidi ya theluthi ya uhai wake wote. Walimu wa topu klasi wanawafahamu vizuri watoto waliowahishwa, kwa kuwa ndio ambao wazazi wao huitwa mwisho wa mwaka na kuambiwa kwamba ni heri mtoto arudie, na ada ya mwaka wa nne ikalipwa kwa safari iliyokuwa ya miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye gari la alfajiri, ambalo mimi linanitisha kuliko umri wenyewe. Likimpitia saa kumi na moja na nusu, itabidi aamshwe saa kumi na moja. Akilala saa tatu usiku, baada ya wewe kurudi na kupika, atakuwa amepata saa nane tu za usingizi, na hata ukimwongezea saa mbili za mchana zinakuwa kumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto aliyetimiza mwaka 1 lakini hajatimiza miaka 3 apate usingizi wa kati ya saa 11 na 14 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Mtoto huyo ndiye utakayemkuta saa nne kichwa chake kikiwa juu ya meza, na ripoti yake ikiandikwa kwamba hamakiniki darasani.

Nilipokuwa nikifundisha bebi klasi, nililetewa mvulana wa umri wa mwanao aliyevalishwa kaptula nzuri yenye kifungo kigumu na mshipi juu yake. Kila siku aliomba ruhusa mapema, akafika mlangoni pa choo kwa wakati, akashindwa na kifungo. Alikuwa akiloa huku amekishika kwa mikono yote miwili. Hakulia, aliugeukia ukuta tu. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya arobaini na msaidizi mmoja, kwa hiyo mara nyingi nilimkuta hivyo baada ya muda. Katikati ya muhula aliacha kunywa uji wa saa nne, nami nilihitaji wiki nzima kutambua kwamba alikuwa akiukwepa uji ili asipate haja ya kwenda chooni.

Tangu wakati huo, mzazi akiniuliza kama mtoto wake yuko tayari, simuulizi herufi. Namuuliza kama anaweza kujivua kaptula, kama anakula bila kulishwa, kama anaweza kukaa nusu siku na mtu asiye wa nyumbani bila kulia mpaka akakauka sauti, na kama anaweza kumwambia mtu mzima, kwa lugha yoyote, kwamba tumbo linamuuma. Kiingereza hakimo. Hata mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu ulioanza kutumika mwaka 2007 unataka watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, ingawa shule nyingi za mjini hufanya vingine ili kuwafurahisha wazazi. Mtoto mwenye Kiswahili au Lusoga kilichokomaa ana mahali pa kukitundika Kiingereza kitakapokuja.

Ama huyo mtoto wa jirani, siku moja mwombe kwa upole akuletee vijiko vitatu kutoka jikoni. Huenda akaleta vitatu, na hapo nitampongeza. Lakini nimewaona wengi wanaoimba mpaka ishirini na kurudi na vijiko vyote walivyovikuta. Mumeo amwambie mwanawe agawe vikombe wakati wa chai, kimoja cha baba, kimoja cha bibi, na atakuwa amemfundisha hesabu iliyo hesabu.

Linabaki swali la pili, ambalo halisubiri Februari. Mtafutie mwanao mahali pa kulelewa, si darasa. Vituo vya kulelea watoto wadogo kwa mchana vipo, na baadhi ya akina mama hupokea watoto wachache nyumbani kwao. Chagua palipo karibu na soko, ambapo unaweza kupita wakati wateja wamepungua. Nenda bila kutoa taarifa. Hesabu watoto, hesabu watu wazima, tazama choo, tazama kama lango linafungwa, kisha uliza watoto hulala wapi mchana, na ukioneshwa benchi, shukuru uondoke. Kama mama mkwe wako anaishi nanyi na ana nguvu, ukweli ni kwamba maneno yake kuhusu maziwa yana dhamana: mwombe abaki naye asubuhi, na wewe uangalie namna ya kurudi mapema.

Kwa Februari hii, basi, nipo upande wake. Februari itakayofuata hiyo mtoto atakuwa na miaka 3 na miezi 7, na akisema tena kwamba bado ananuka maziwa, usimsikilize. Ila tafuta nasari ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu, hata kama sare zake si maridadi kama za hiyo yenye gari.

SWALI: Mwalimu, mjukuu wangu wa hapa Bombo atatimiza miaka sita mwezi wa Januari. Hajawahi kuingia nasari kwa sababu ya ada. Je, darasa la kwanza la shule ya serikali litamkataa?
Babu wa Bombo

JIBU: Mzee wangu, nasari si sharti la kuingia darasa la kwanza. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, unamhusu mjukuu wako kama unavyomhusu aliyepita topu klasi. Shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020, madarasa ya kwanza yalijaa watoto ambao hawakuwa wameonja nasari hata siku moja, na walimu walianza nao kwenye kushika penseli. Miezi iliyobaki mpe maharagwe ahesabu, mpe kijiti achore ardhini, umsimulie hadithi kisha umwombe akurudishie. Mwandikishe mapema, na uende na cheti chake cha kuzaliwa pamoja na kadi ya chanjo. Mwalimu akitaka kumpa mtihani wa kumchuja, mwombe kwa adabu aieleze sababu yake mbele ya mwalimu mkuu.