Uliza Ujibiwe: Tableti Ndogo, Kioo na Vilivyomo Ndani

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kwenye tableti ndogo, zile za inchi 7 mpaka 8 na ushee, na sishangai, msimu wa korosho ukikaribia huku kwetu watu wanaanza kuzipangia pesa kabla hata mnada wa kwanza haujapigwa. Nimechukua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana mliouliza kitu kama hicho ni wengi.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba: Habari za kazi. Natafuta tableti ndogo ya kusomea PDF na kuingizia majina na kilo za wakulima, muda mwingi niko nje ya ghala juani. Mtwara mjini kuna duka wana tableti ya inchi 7, kampuni siijui, boksi limeandikwa HD 1080p, RAM GB 12, memori GB 512, na bei iko chini kuliko Samsung Galaxy Tab A9 ambayo yenyewe ina RAM 4 na memori 64 tu. Jamaa zangu wananiambia niache ushamba nichukue yenye namba kubwa. Nifanyeje?

Kaka usiichukue hiyo, na jamaa zako wasalimie.

Tuanze na hiyo 1080p. Kwenye haya maboksi mara nyingi hiyo siyo kioo, ni video, yaani wanamaanisha ukiiwekea video ya 1080p itaicheza, ila kioo chenyewe unakuta ni pikseli (vile vidoti vinavyochora picha) 1024 kwa 600 na video inapunguzwa mpaka iingie humo. Kwahiyo muulize muuzaji swali moja tu, kioo kina pikseli ngapi kwa ngapi, akianza kukwambia "HD mzee, full" ujue hajui au anajua.

Sasa nikwambie na upande wa pili ili usidhani nawapigia debe Samsung. Kioo cha inchi 7 chenye 1024 kwa 600 kinatoka kama pikseli 170 kwenye kila inchi. Tab A9 ina inchi 8.7 na pikseli 1340 kwa 800, ukipiga hesabu inakuja kama 179. Umeona? Kwa ukali wa herufi peke yake hazijaachana sana, zote mbili ukisogeza jicho karibu kwenye PDF yenye maandishi madogo utaona kingo za herufi zina vijinundu. Na kinachouma zaidi, Nexus 7 ya mwaka 2013, tableti ndogo ya inchi 7 ambayo haikuwa hata ya bei ya kutisha, ilikuwa na 1920 kwa 1200, yaani pikseli 323 kwa inchi. Miaka kumi baadaye Tab A9 inatoka 2023 na kioo ambacho hakifiki hata robo tatu ya hapo. Makampuni yaliona hela iko kwenye simu kubwa na tableti kubwa, hizi ndogo za bei nafuu wakazigeuza za watoto na za ofisini, kioo ndo cha kwanza kubanwa.

Sasa kama ukali ni ule ule kwanini bado nasema Tab A9? Kwasababu kioo siyo pikseli tu. Hivi vya bei ya chini kabisa vingi ni vya aina ya TN, ukikitazama usawa wa uso kiko sawa ila ukikilaza mezani ukakiangalia kwa chini kidogo rangi zinageuka, nyeupe inakuwa kijivu na nyeusi inang'aa kama negativu ya picha za zamani. Wewe karani, tableti iko juu ya meza, mkulima yuko upande wa pili anataka aone kilo zake zimeandikwa ngapi, halafu haoni kitu, hapo ugomvi umeshaanza. Kioo kizuri cha IPS hakina hiyo shida.

Na jua. Dukani taa za juu zinadanganya, kila kioo kinang'aa. Toka nayo mlangoni, weka mwangaza mpaka mwisho, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi meusi halafu ukurasa mweusi, ukiona uso wako zaidi kuliko maandishi irudishe. Kama unavaa miwani ya jua ivae na uizungushe tableti, wima halafu ulalo, kuna vioo vikikutana na miwani ya polaroidi upande mmoja vinazima kabisa. Muuzaji akikataa usitoke nayo nje mwachie hata kitambulisho, akikataa na hapo nenda duka jingine.

RAM, ile memori ya kufanyia kazi tableti ikiwa imewashwa, hiyo 12 nayo mara nyingi ni hesabu ya kuunganisha, RAM ya kweli 4 halafu 8 zimekopwa kwenye memori, na memori ina mwendo mdogo mno kuliko RAM kwahiyo msaada wake ni kidogo. Hiyo ni kwa wale waungwana. Wengine wanachezea Android yenyewe iandike uongo kwenye setingi, kwahiyo kuangalia setingi siyo ushahidi. Ushahidi wa memori ni kuijaza, uipakie video nyingi kupita pale unapohisi ukomo wake ulipo halafu uzifungue zile za mwisho, feki itakubali kupakia ila faili halifunguki. Na kama ni ya laini piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, itume kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni kifaa gani. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, hatutaki kurudi kule.

Kingine kaka, memori usiigombanie sana. Tab A9 inapokea memori kadi mpaka TB 1, ukiishiwa unaongeza. Kioo na RAM huongezi, unavyovinunua ndivyo utakavyokufa navyo. Pesa yako iweke kwenye visivyoongezeka.

Mama wa watoto wawili, Chikongola: Mdogo wangu anatoka Marekani mwezi ujao, amesema atanibebea Amazon Fire HD 8 watoto waangalie katuni. Inaingia laini? Nimesikia ina matatizo.

Laini haiingii dada, ni wai-fai tu, itabidi uwashe hotspoti kwenye simu yako na bando litakwenda kwa kasi maana watoto hawana huruma. Kioo chake cha 1280 kwa 800 kwenye inchi 8 kinafika pikseli 189 kwa inchi, kwa katuni kinatosha kabisa. Tatizo watu wanalolisikia ni kwamba haiji na Play Store, ina duka la Amazon lenyewe, kwahiyo apu nyingi ulizozoea hutaziona na YouTube utaifungulia kwenye brauza. Ila ina sehemu ya memori kadi, jaza katuni humo uzime wai-fai kabisa, mimi ningefanya hivyo. Mwambie mdogo wako mambo mawili: asichanganye akabeba Fire 7, ile kioo chake ni 1024 kwa 600, na achukue isiyo na matangazo, kuna toleo linauzwa nafuu kidogo lakini kila ukiiwasha unakutana na tangazo la Amazon.

Na kava la mpira nene lenye mshikio anunue huko huko.

Mwalimu mstaafu, Newala: Kijana wangu aliyeko Dar amepata iPad mini ya zamani kwa mtu, anataka anitumie nisomee magazeti na vitabu. Macho yangu si ya ujana tena. Je inafaa?

Shikamoo mwalimu. Inategemea ni mini ipi, na zote za mwanzo zinafanana sura kiasi kwamba hata muuzaji anaweza asijue. Mwambie kijana aigeuze nyuma asome namba ndogo inayoanza na A. Akikuta A1432, A1454 au A1455 hiyo ni ya kwanza, ya 2012, kioo cha 1024 kwa 768, pikseli 163 kwa inchi, RAM MB 512, na programu yake iligota kwenye iOS 9. Hiyo aiache hata kama anapewa kwa nauli, apu nyingi za sasa hazikubali kuingia humo na atakuwa amekuletea kioo cha kujitazamia.

Akikuta A1489 au A1490 ni mini 2 ya mwaka 2013, umbo lile lile ila kioo kimeruka mpaka 2048 kwa 1536, pikseli 326 kwa inchi, mara nne ya pikseli za yule kaka yake. Ukiweka mbili hizi pembeni kwa pembeni na ukurasa mmoja wa gazeti utadhani umebadilishiwa miwani. Lakini nayo imeishia iOS 12, PDF itafungua vizuri, apu mpya itakusumbua. Ya kuanzia kufikiria kwa leo ni mini 5 ya 2019. Mini 4 ya 2015 iliishia iPadOS 15, kama pesa ni ndogo na kazi ni kusoma tu mimi nisingemkataza.

Kuna jambo jingine kuhusu macho ambalo halina uhusiano na pikseli, nalo ni umbo. iPad mini hizo ni pana, nne kwa tatu, ukurasa wa kitabu unakaa vizuri bila kubaki na utepe mweusi juu na chini. Tableti nyingi za Android ni ndefu na nyembamba, zimekatwa kwa ajili ya video, ukifungua ukurasa wa gazeti herufi zinakuwa ndogo ili upana uingie. Kwa msomaji hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Halafu kijana aongeze ukubwa wa maandishi kwenye setingi kabla hajaituma, asikuachie wewe kazi hiyo.

Natembeza wageni, Kilwa Masoko: Nawavusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, nataka tableti yenye ramani na GPS, pia niwaonyeshe picha za magofu. Naona iPad mini ya wai-fai bei nafuu kuliko ya laini, tofauti ni laini tu au kuna kingine?

Kipo, na kwako ndo chenyewe. iPad ya wai-fai peke yake haina GPS ndani, inakisia ulipo kwa kusoma wai-fai za jirani, sasa katikati ya maji kati ya Masoko na Kisiwani hiyo jirani ni nani? Ya laini ina GPS kamili, na GPS haili bando, satelaiti hazikudai kitu, ila ramani yenyewe uwe umeishusha ukiwa na mtandao.

Mini 6 ya 2021 ina inchi 8.3, pikseli 326 kwa inchi, mwangaza niti 500 na kioo kilichogandishwa na tachi yake (kile kioo cha juu kinachohisi kidole) bila upenyo katikati, kwahiyo mng'ao wa jua unapungua. Inapokea laini ya kawaida. Iliyofuata, ya 2024, ya laini inatumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya kifaa isiyochomekwa, kwahiyo kabla hujalipa kaulize kwanza kwenye duka la mtandao wako. Zote mbili hazina sehemu ya memori kadi wala tundu la iafoni za masikioni, kwahiyo kwenye iPad ule ushauri wangu wa memori unageuka, nunua memori ya kutosha siku ile ile.

Ila mimi ningekuwa wewe na mashua kila siku nisingebeba iPad. Ningetafuta Galaxy Tab Active5 ya 2024: inchi 8, 1920 kwa 1200, kiwango cha IP68 cha maji na vumbi, na betri inachomoka, unabeba ya akiba. Ni nzito kidogo na haipendezi kama iPad mbele ya wageni. Na IP68 inapimwa kwa maji baridi siyo ya bahari, ikilowa chumvi isuuze na maji ya kunywa na usiichomeke chaji mpaka tundu likauke, chumvi na umeme vinakula vile vyuma vya ndani haraka sana.

Mzee wa gemu, Lindi mjini: Broo, Redmi Pad SE 8.7 ya 90Hz au Tab A9 ya 60Hz? Na mbona sioni ndogo za AMOLED?

Kwa gemu nzito Tab A9, prosesa yake ya Helio G99 inaipita G85 ya Redmi, na 90Hz, yaani kioo kuchora picha mara 90 kwa sekunde, bila nguvu ya kuijaza inabaki ulaini wa kuskroli tu. Kama ni kuskroli na muvi basi Redmi, betri yake 6650 dhidi ya 5100. Vioo pikseli ni sawa. AMOLED, vile vioo ambavyo kila pikseli inawaka yenyewe, ndogo zilikuwepo, Galaxy Tab S 8.4 ya 2014 ilikuwa na 2560 kwa 1600, baadaye Samsung akaihamishia AMOLED kwenye tableti kubwa na ndo hivyo.

Msomaji, Masasi: Tableti yangu ilipasuka kioo, fundi akanibadilishia, sasa rangi imekuwa ya bluu bluu na pembeni tachi haishiki. Nimedhulumiwa?

Inawezekana fundi alikuwa mwaminifu na kioo ndo hakikuwa cha yenyewe, maana vioo vya kopi vingi vina rangi ya baridi na mwangaza mdogo kuliko cha kampuni. Jua tu kwamba kuna tableti ambazo tachi na kioo cha picha ni vitu viwili tofauti, iPad mini ya kwanza mpaka ya 3 ziko hivyo, ikipasuka tachi unabadilisha tachi peke yake na picha inabaki ile ile ya kiwandani. Kuanzia mini 4 vimegandishwa pamoja, kikipasuka kimoja unalipia vyote, na hapo ndo kopi inapoingilia. Kama yako ni ya vitu viwili na picha ilikuwa inaonekana vizuri baada ya kupasuka, basi muulize fundi kwanini alitoa na kioo cha ndani, na kiko wapi.

Rudi kwake kabla siku hazijawa nyingi. Tachi isiyoshika pembeni mara nyingi ni kebo haijakaa au fremu imepinda inaibana. Safari hii mwambie aunganishe kebo, aiwashe mbele yako, uchore na kidole kona zote nne, ndipo apake gundi.