Kijiji kitahamia wapi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mipango ya muda mrefu ya pwani inayobadilika iandikwe na nani, wataalamu au wakazi wenyewe? Mimi naishi kijiji cha pwani huku Mtwara Vijijini, na niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwa maoni yangu, nani ashike kalamu si neno kubwa. Neno kubwa ni ardhi iliyo nyuma ya kijiji. Bahari ikisogea, na sisi tutasogea, na hatuna pa kusogea ila bara, kwenye mikorosho. Kwa hiyo anayeigawa ardhi ya huko juu leo ndiye anayepanga pwani ya miaka thelathini ijayo, hata kama hajui kwamba anapanga.

Kuhusu bahari kupanda sitasema mengi. Wanasayansi wanasema kati ya mwaka 1901 na 2018 kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Ila huku kwetu bahari imepata wasaidizi. Ghuba ya Mikindani ilichimbwa matumbawe kwa miaka mingi, yakachomwa kwenye tanuri ili kupata chokaa ya kujengea, na tumbawe ndilo linalovunja wimbi kabla halijafika mchangani. Mikoko ilikatwa kwa boriti na kuni, kwingine ikafyekwa kupisha mashamba ya chumvi. Mchanga nao unabebwa. Haya hayahitaji semina. Mzee yeyote atakuonyesha mnazi uliokuwa katikati ya shamba lake na ambao leo unapigwa na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu binafsi na familia, na ile iliyobakizwa ili igawiwe baadaye. Fungu hilo la tatu ndilo akiba yetu, na ndilo linaloliwa kimyakimya. Anakuja mtu kutoka mjini anatafuta eka za korosho, mwingine anataka kiwanja chenye upepo na mandhari, na halmashauri ya kijiji inaona hakuna ubaya kwa kuwa ni pori tu. Kweli ni pori. Lakini kwa kijiji ambacho nyumba zake za mbele zinaanza kunyweshwa maji ya chumvi, pori lile ni mtaa wa wajukuu. Nimeona ramani za mpango wa matumizi bora ya ardhi za vijiji kadhaa vya pwani. Makazi yana rangi yake, kilimo rangi yake, msitu rangi yake, na ufukwe umechorwa kwa mstari mmoja mnene kana kwamba umejengwa kwa zege. Sijaona iliyochorwa mstari wa pili, wa mahali maji yanapoweza kufika watoto wa leo wakiwa wazee.

Kanuni ya mita 60 ina kasoro hiyohiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na hilo ni jema. Lakini ukingo wenyewe unatembea. Nyumba iliyojengwa kihalali inaweza kujikuta ndani ya mita hizo bila mwenyewe kugusa tofali. Mwekezaji akitaka ardhi yako kuna tathmini, kuna fidia, hata kama inachelewa. Majirani zetu wa Likong'o kule Lindi, waliopisha eneo la mradi wa gesi, wanajua kusubiri huko. Bahari ikiitaka, hakuna anayekuja na daftari la tathmini. Ndiyo maana nasema akiba itengwe sasa, kwa azimio la mkutano mkuu wa kijiji, wakati bado ipo.

Nirudi kwenye kushirikisha wakazi. Mkutano huitishwa saa nne asubuhi. Wageni wanatoka mjini, wanataka kurudi mchana, sawa. Lakini siku za bamvua, pwani hii, saa nne ndiyo saa bahari inapokupwa kabisa, na wanawake wako miambani wanachokoa pweza. Wavuvi nao msimu fulani wako dago, mbali na nyumbani. Wanaobaki kusaini mahudhurio ni sisi wenye nafasi, na wengi wetu hatujaloa miguu siku nyingi. Halafu muhtasari unaandikwa "wananchi waliridhia". Anayetaka kujua mchanga unakokwenda amuulize mama anayeutembea kila maji yanapokupwa, na aje siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, mchana baada ya swala ya adhuhuri.

Akija siku hiyo, atasikia mambo ambayo dodoso halina. La kwanza litakuwa makaburi. Wazee wetu wamezikwa karibu na maji, na mtu anayeweza kuhamisha nyumba yake bila kulia hatakubali kuzungumzia kaburi la baba yake mpaka umekaa naye sana. La pili ni diko, mahali vyombo vya uvuvi vinapoegeshwa. Mvuvi hawezi kulala kilomita nne kutoka chombo chake, kinaibwa au kinachukuliwa na maji. Kwa hiyo kuhama si neno moja: nyumba, msikiti na shule vinaweza kupanda juu, diko na mabanda ya kukaushia dagaa yakabaki chini, na kati yake ikahitajika njia inayopitika masika. Njia hiyo nayo ipimwe mapema, kabla mtu hajapanda mikorosho juu yake.

Kuna wanaosema wakazi hawawezi kufikiri mbali. Waende Kilwa Kisiwani. Magofu yale yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, moja ya sababu ikiwa mawimbi yanayokula ufukwe, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha ya hatari. Kati ya kazi zilizofanyika ni kuta za kuzuia maji na kupanda mikoko, na wakazi wa kisiwa walikuwemo. Kupanda nako kuna ujuzi wake: kinachostahimili mbele kabisa, kwenye wimbi, ni aina za mikoko ziitwazo mpia na mchu. Ukipanda ile aina inayoitwa mkoko hasa mahali pale kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka, unapata picha nzuri siku ya uzinduzi tu.

Kwa dharura tunajitahidi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia, watu wa Mtwara waliambiwa wahame maeneo ya mabondeni na pwani, kikaishia kutua Msumbiji. Mei 2024 mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, tukabaki kisiwa. Baada ya kila tukio tunapata kamati, na kamati inakufa mvua zikikauka. Miradi nayo ni ya miaka mitatu, mitano ikizidi. Mkutano mkuu wa kijiji haufungwi na mfadhili, kwa hiyo mpango ukae mikononi mwake, na ajenda ya ufukwe iwe ya kudumu.

Hapo mtaalamu ana kazi kubwa ambayo sisi hatuiwezi: vipimo, makadirio ya maji, picha za satelaiti za miaka iliyopita. Alete, aeleze kwa Kiswahili, kisha aache ramani. Ya kijiji chetu yenye rangi iliondoka ndani ya kompyuta ya mpimaji. Ofisini kwa mtendaji tuna nakala nyeusi na nyeupe, na ardhi ya akiba na mashamba ya watu ni kijivu kilekile. Tuanze na kuchapisha hiyo upya, kwa rangi, ibandikwe ukutani kabla ya msimu ujao wa kugawa mashamba.