Ndoa ya simu haifiki Kanada

Juzi jioni nilikuwa naanua nguo uani hapa Ujiji, binti wa jirani akaingia na bahasha ya kaki kaikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani mna cheti cha ndoa, kipya, mhuri wake haujapauka. Bwana yuko Edmonton, Kanada. Nikaha ilifungiwa sebuleni kwa babu yake, bwana anatazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika, na kaka yake bwana ndiye aliyekaa mkekani mbele ya sheikh akaipokea ndoa kwa niaba yake. Binti alitaka nimsaidie kujaza fomu ili mumewe amdhamini amfuate. Nilimkaribisha chai kwanza. Habari niliyokuwa nayo haikuwa ya kumpa mtu aliyesimama.

Nayajua hayo kwa sababu na mimi niliolewa hivyo hivyo.

Mume wangu ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Tulijuana soko la Makere, mimi nikiuza mawese na dagaa wa Kibirizi, yeye akija kila alipopata kibali cha kutoka kambini. Baadaye jina lake likatoka kwenye mpango wa kupeleka wakimbizi Kanada, akaondoka. Wazee wakazungumza, mahari ikaletwa, na kwa kuwa nauli ya kurudi hakuwa nayo, mdogo wake akasimama kama wakala wake. Kwa dini yetu ndoa ya wakala ni ndoa, wala hakuna aliyeitilia shaka Ujiji nzima. Tukatuma maombi, tukangoja miezi na miezi, na barua iliporudi ikasema mimi si mke kwa kanuni zao.

Tangu Juni 2015 kanuni za uhamiaji za Kanada haziitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo kwa mwili wake pale ilipofungwa. Kwa wakala, kwa simu, kwa intaneti, zote ni hivyo hivyo. Waliobakiziwa mlango ni wanajeshi wao tu, tena kwa sababu ya kazi. Hawasemi ndoa yako ni ya uongo. Wanasema kwao haihesabiki, na ukileta mashahidi mia wa kuapa kwamba mnapendana, kila mmoja wao atathibitisha jambo lile lile: bwana hakuwepo. Ndiyo maana hatukukata rufaa, ingawa mdhamini hupewa siku 30 za kufanya hivyo. Tuliona hela ya wakili ni bora iwe nauli.

Akaja. Ilichukua karibu mwaka kukusanya hela. Sheikh akatuambia kufunga upya si dhambi wala aibu, na akatushauri jambo ambalo nalishukuru hadi leo: tusifiche ya kwanza. Tukafunga tena, safari hii mwenyewe yuko mkekani, kanzu yake ina mikunjo ya begi kwa sababu pasi ya bibi ilikuwa ya mkaa na mkaa ulikuwa umelowa. Picha hiyo ya mikunjo ndiyo tuliyoitanguliza. Maombi ya pili yalikuwa na vyeti vyote viwili pamoja na barua ya ukurasa mmoja iliyoeleza kwa nini viko viwili. Wewe ukifika hapo, zungumza kwanza na sheikh au mchungaji wako na msajili, mjue namna ya kufunga upya bila kuvuruga kumbukumbu. Na kama hujafunga bado, mngoje mtu wako. Nauli ni kubwa, lakini ada za maombi zinazidi dola 1,000 za Kanada, na tukio la kuzilipa mara mbili nimelionja.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo, na watu wa huku hawalipendi likitajwa: watoto.

Kuna kijana namfahamu, wa upande wa Mwandiga. Alipohojiwa kabla ya kusafiri aliulizwa ana watoto wangapi, akasema hana. Anaye mmoja, aliyezaliwa kabla, analelewa na bibi yake. Aliambiwa mitaani kwamba mwenye mtoto huchelewa. Kafika, kapata ukaazi wa kudumu, kajipanga, anataka kumchukua mwanawe, anaambiwa haiwezekani kwa njia ya familia, kwa sababu mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakupimwa mtu alipokuwa anaomba ukaazi huondolewa kwenye kundi la familia. Hata awe na vipimo vya damu. Mwaka 2019 Kanada ilianzisha utaratibu wa kuwalegezea baadhi ya watu wa namna yake, wakiwemo waliokwenda kama wakimbizi, kwa hiyo ana pa kugonga. Ila mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anajua kusoma.

Kwa hiyo ukijaza fomu, mtaje kila mtoto, hata wa nje ya ndoa, hata anayelelewa na mama yake Kasulu na hutaki kumhamisha. Kumtaja hakumaanishi kwamba lazima aende. Anaandikwa kama asiyefuatana nawe, naye pia anapimwa afya. Mama mwenye mtoto hakubali kumtoa kwenye kipimo? Anza kubembeleza leo, si siku barua ikija.

Wake wenza nao ni hivyo. Kanada haiukubali uke wenza, na kama mmoja wenu alikuwa kwenye ndoa nyingine hai siku mliyofunga, ndoa yenu haitapita. Talaka ya mdomo isiyo na karatasi itakusumbua. Talaka iwe imetoka kabla ya tarehe ya cheti cha ndoa mpya, kwa sababu hiyo tarehe wanaiangalia.

Karatasi za hapa nyumbani zilinichosha kuliko fomu zao. Sisi wa Kigoma tunajua ofisi ya uhamiaji inavyotuangalia: bibi alizaliwa wapi, babu alivuka lini, mbona jina hili ni la ng'ambo ya ziwa. Pasipoti ilinichukua safari nne, na ada yake ni shilingi 150,000. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na Ramadhan, kitambulisho cha NIDA kina Ramadhani, cheti cha ndoa kikaandikwa Ramathani kwa sababu mwandishi aliandika alivyosikia. Herufi moja tu. Lakini mtu anayesoma faili lako hamjui baba yako, anaona watu watatu. Nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na cheti cha ndoa nikakirudisha kikasahihishwe. Fanya hivyo kabla ya kutuma chochote. Vyote vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe Kiingereza au Kifaransa, na mfasiri asiwe ndugu yako hata kama ndiye anayekijua Kiingereza kuliko wote mtaani.

Alama za vidole na kipimo cha afya mimi nilivifanyia Dar es Salaam. Vidole ni dola 85 za Kanada, na ukipata barua ya kuitwa una siku 30. Mimi nilipanda treni, nikafika Dar miguu imevimba, kumbe kipimo cha afya ningeweza kukiunganisha safari hiyo hiyo kama ningeuliza tarehe mapema. Nikarudi Kigoma, nikaitwa tena. Usinifuate katika hilo. Daktari ni yule tu aliyeteuliwa na Kanada, cheti cha hospitali ya kawaida hakipokelewi. Na kama una ugonjwa wa kudumu, usihofu sana. Mke au mume anayedhaminiwa hakataliwi kwa sababu tu matibabu yake yataigharimu serikali yao.

Mumeo naye anaangaliwa, lakini si kama watu wanavyodhani. Nje ya jimbo la Quebec, ambalo lina taratibu zake, hawana kima cha mshahara kwa anayemdhamini mke peke yake. Asiwe anaishi kwa posho ya serikali, isipokuwa ya ulemavu. Asiwe na mke mwingine aliyemdhamini ambaye bado anawajibika kwake. Kama na yeye mwenyewe alikwenda kwa kudhaminiwa na mke, hawezi kumdhamini mwingine mpaka miaka 5 ipite. Na anasaini kukutunza kwa miaka 3, hata mkiachana. Mwambie asome hapo kabla ya kusaini, maana wanaume wetu wakishaona neno "mke" hawasomi kinachofuata.

Ushahidi wa uhusiano ndio uliotufurahisha. Tulitakiwa kuchagua picha zisizozidi 20 na kurasa 10 tu za mawasiliano. Nilikuwa na miaka mitatu ya WhatsApp. Nikatoa yale ya mapenzi mazito, kwanza ni aibu mfasiri kuyasoma, pili yote yanafanana. Nikabakiza ya kawaida, moja kwa kila miezi kadhaa: "Umekula?" "Dagaa." "Tena?" "Migebuka imepanda bei." Na ile aliyoniuliza mama ameamkaje baada ya sindano. Na risiti za hela alizotuma, hata zile ndogo za elfu thelathini. Watu waliooana kwa karatasi tu hawaulizani habari za sindano. Kwenye picha, weka za wazee wa pande zote mbili, andika nyuma nani ni nani na lini. Picha 20 za nyinyi wawili mmevaa miwani ufukweni hazisemi kitu.

Sasa viza ya muda. Nikiwa nangoja, nilisema niende nikamtembelee walau miezi michache. Nikaomba viza ya matembezi, nikaandika kwamba nakwenda kutalii. Nikakataliwa: hawakuridhika kwamba nitaondoka muda wangu ukiisha. Nami nikawaelewa, mke wa mtu anakwenda kutalii nini? Mara ya pili nikasema ukweli. Sheria yao inakubali mtu awe na nia mbili kwa pamoja, kuomba kuishi moja kwa moja na kuomba kuingia kwa muda, mradi awaridhishe kwamba ombi la kuishi likikwama ataondoka. Nikaambatanisha barua ya kupokelewa kwa maombi ya udhamini, leseni ya biashara yangu, na maelezo ya nani anabaki na mama. Mwaka 2023 walitangaza kwamba watayashughulikia haraka zaidi maombi ya viza ya wenza ambao tayari wameshatuma maombi ya udhamini, kwa hiyo mpangilio huo una maana: udhamini kwanza, matembezi baadaye. Nikapata.

Ukishaingia, jua kwamba tarehe iliyo kwenye viza ni mwisho wa kuingilia, si ya kukaa. Kukaa kwa kawaida ni miezi 6 tangu ulipoingia, isipokuwa afisa wa mpakani akikuandikia tarehe nyingine. Ukitaka kuongeza, omba kabla haijaisha. Ukiomba kabla, unabaki halali mpaka wakujibu. Wala usishike kazi ya mtu, hata kusuka nywele za jirani kwa malipo, mpaka uwe na kibali cha kazi, ambacho mwenza aliyeko kule na maombi yake yamepokelewa anaweza kukiomba. Kwa udhamini wenyewe tulichagua maombi ya nje ya Kanada badala ya yale ya ndani ya nchi. Ya ndani hayana rufaa kwenye baraza lao, na ukitoka nje ya Kanada katikati unaweza usiruhusiwe kurudi. Mimi nina mama mgonjwa Kigoma. Sikuwa na haja ya kufikiri mara mbili.

La mwisho ni vishoka. Yule wa kwanza aliyenijazia fomu, mtu wa kompyuta na steshenari, alipofika swali la kama nimewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote alinishauri niandike sijawahi. "Hawajui," alisema. Wanajua. Majibu yao wenyewe wameyatunza wenyewe. Uongo ukibainika unafungiwa miaka 5, na hiyo inakula ndoa. Fomu ni za bure kwenye tovuti ya serikali yao. Ukitaka kumlipa mtu akuwakilishe, awe wakili au mshauri aliyesajiliwa Kanada, na orodha yao ipo wazi. Wa kukuchapia na kukuskania mlipe pesa ya kuchapa tu, na majibu uyatoe wewe.

Nilimweleza binti haya yote, chai ikapoa. Alilia kidogo, halafu akaniuliza kama kile cheti akitupe. Nikamwambia akirudishe kwenye bahasha, atakihitaji. Jana usiku kanitumia ujumbe: bwana ameshaanza kuulizia tiketi, na babu amekubali kutoa tena sebule baada ya Ramadhani, ila birika safari hii likae jikoni.