Ritifaa ya ng'ombe tuifute?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji hapa Tanga. Orodha ya wanachama na mifugo yao niliiandika kwenye Word, nikaikopi na kuipesti kwenye programu yetu ya hesabu. Kila palipokuwa na "ng'ombe" pametoka "ng’ombe". Wenzangu wanasema tufute ritifaa, yaani ile alama ('), tuandike "ngombe" tu, watu wataelewa. Inafaa?

JIBU: Haifai, katibu. Ritifaa si hereni ya kumpendezesha ng'ombe. Ng' ni sauti moja, king'ong'o kinachopita puani peke yake. Ukiondoa ritifaa, g inaingia. Tamka "ng'oa" kisha "ngoa". La kwanza ni kazi ya mganga wa meno. La pili ni wivu na uchu, ndiyo maana tunasema fulani analilia ngoa. (Na hilo neno king'ong'o lenyewe lina ritifaa mbili. Wenzako wataliandikaje?)

Kosa ni la mashine. Ukiandika ritifaa iliyonyooka, Word huipinda yenyewe ili ipendeze. Iliyonyooka huhifadhiwa kwa baiti moja, yaani kipande kimoja kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta. Iliyopinda, katika mfumo wa kuhifadhi herufi uitwao UTF-8, huchukua baiti tatu. Sasa programu yenu, inavyoelekea, inasoma kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja. Inakuta baiti tatu, inachapa alama tatu: â, kisha ya yuro, kisha ™.

Kama programu inakuruhusu kuchagua mfumo wa herufi unapoingiza faili, chagua UTF-8, basi. Kama hairuhusu, zima kwanza ule upindaji kwenye mipangilio ya Word, ndipo utafute ritifaa zilizopinda na kuweka zilizonyooka. Usipozima kwanza, Word itazipinda tena. Wengine hupitishia maandishi kwenye Notepad wakidhani yatasafika. Huko fonti na rangi huondoka kweli, lakini ritifaa hubaki imepinda vilevile.

Na kama wenzako wamekwisha kuzifuta, zirudisheni neno kwa neno. Mkiiamuru kompyuta itie ritifaa kila penye ng, wanachama wa Ngamiani watajikuta wanakaa Ng'amiani, na mji wenyewe utakuwa Tang'a.