Re: Kwa nini wachezaji wafupi hurukwa kwenye drafti ya NHL?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kijana anaongoza kwa magoli halafu timu za NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, zinampita kwenye drafti (pale timu zinapochagua vijana kwa zamu) kisa ni mfupi. Mwangalie Alex DeBrincat. Futi 5 na inchi 7 hivi, magoli 51 akiwa na timu ya vijana ya Erie Otters msimu wa 2014-15. Watu wakasema anabebwa na Connor McDavid, nyota wa timu hiyo hiyo. McDavid akaondoka kwenda NHL, jamaa akafunga tena 51. Drafti ya 2016 Chicago wakamchukua wa 39, raundi ya pili.

Hofu ya maskauti (wasaka vipaji) ina msingi: beki wa kilo 100 akikubana kwenye ubao pembeni mwa uwanja, kisahani, ambacho kwenye hoki ndiyo mpira, unakiacha. Ila tangu 2005 marefa walipokaza sheria za kumvuta mtu kwa gongo, mwepesi anapumua. Shida ni kwamba urefu unapimika kwa futi kamba, akili ya mchezo haipimiki hivyo.

Ukimtathmini mfupi, tazama hatua zake tatu za kwanza, na kama anaingia mbele ya goli au anazunguka pembeni tu. Tenganisha pointi (magoli na pasi za magoli) za watano kwa watano na zile za wakati mpinzani kapungukiwa mtu. Angalia na tarehe ya kuzaliwa: anayetimiza miaka 18 baada ya Septemba 15 husubiri drafti ya mwaka unaofuata, kwa hiyo takwimu zake ni za mtu mkubwa kidogo kwa umri. DeBrincat, wa Desemba, alikuwa kundi hilo.

Mfupi mwingine, Martin St. Louis, hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti. 2004 akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi.