Mechi iliyorekodiwa kwenye flashi inakatakata picha na sauti inachelewa: pa kuanzia

Mkuu, kama mechi uliyorekodi kwa king'amuzi kwenye flashi inakatakata na sauti inachelewa, na unataka kuibadilisha iwe MP4, acha kwanza. Ukishaibadilisha, ushahidi wa kosa unapotea na sauti iliyochelewa inabaki hivyo hivyo. Nakili faili la .ts (ndilo king'amuzi kinachorekodi) kwenye kompyuta, fanya kazi kwenye nakala. Kama king'amuzi kimelikata vipande vya GB 4 (flashi ya FAT32 haipokei faili kubwa zaidi), viunganishe kwanza: copy /b 000.ts+001.ts nzima.ts. Mkato unaweza kupita katikati ya paketi (vipande vidogo vinavyounda faili la .ts), kwa hiyo ukikagua kipande kimoja kimoja unaweza kuona makosa ambayo hayapo.

Sasa fungua nzima.ts kwa HxD (programu inayoonyesha baiti za faili kwa namba za heksi), weka baiti 188 kwa kila mstari. Paketi ya TS ina baiti 188 na huanza na 47, kwa hiyo utaona safu ya 47 imenyooka wima upande wa kushoto. Hapo ndipo pa kujua mkosaji ni nani:

Safu imenyooka, lakini kuna paketi ambazo baiti ya pili ni 80 au zaidi: tyuna (sehemu ya king'amuzi inayopokea mawimbi) yenyewe imeweka alama kwamba ilishindwa kuzisahihisha. Tatizo ni antena, waya, au busta iliyozidi nguvu. Angalia kipimo cha ubora wa mawimbi. Kile cha nguvu kinadanganya sana.

Safu inapinda, au kuna eneo refu la 00 tupu: data ilipotea wakati wa kuandika. Ipime flashi kwa H2testw (programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi), kwa maana feki zinazojitangaza GB 64 zimejaa madukani.

Baiti ya nne inaanza na 9, B, D au F: maudhui yamefungwa kwa usimbaji. Hapo huna cha kutengeneza, itachezwa kwenye king'amuzi chenyewe tu.

Kutafuta dakika zenye kasoro kwa macho ni mateso. Tumia TSDuck (zana za bure za kukagua faili za .ts): tsp -I file nzima.ts -P continuity -O drop. Kila mkondo una kihesabu cha 0 hadi 15, na kikiruka programu inakutajia PID (namba ya mkondo huo, wa picha au wa sauti) na paketi ngapi hazipo. Zikipotea 16 kamili kihesabu hakishtuki, kwa hiyo thibitisha pia kwa ffmpeg (programu ya kusoma na kubadilisha video): ffmpeg -v error -i nzima.ts -f null - 2> makosa.txt. Mistari michache ya mwanzoni kuhusu PPS (maelezo ya kufungulia picha) ipuuze. Rekodi ilianza katikati ya kundi la fremu.

Kutengeneza: safu ikiwa imepinda, pitisha faili kwenye tsresync kwanza. Usihangaike na tsfixcc (zote ni zana za TSDuck), ile inapanga upya namba tu, picha inabaki mbovu. Kisha:

ffmpeg -fflags +discardcorrupt -i nzima.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 160k mechi.mkv

Hicho kipande cha async ndicho dawa ya sauti yako. Fremu moja ya sauti ya MP2 kwenye 48 kHz ni milisekunde 24. Zikipotea 100, sauti imepungua sekunde 2.4, na programu inayounganisha zilizobaki bila kujaza pengo huiacha ikitangulia picha hadi mwisho; zikipotea fremu za picha badala yake, sauti ndiyo huchelewa. Async hujaza ukimya mahali pake.

Vibao (miraba ya picha iliyoharibika) vilivyobaki havirudi, data yake haipo. Vikate kwa Avidemux (programu ya kukata video), ukianzia na kuishia kwenye fremu kamili (aina ya I), la sivyo vibao vitaendelea mpaka fremu kamili inayofuata. ProjectX (programu nyingine ya kutengeneza faili za .ts) ni nzuri, ila kwa picha za aina ya zamani ya MPEG-2 tu; chaneli za aina ya H.264 haizigusi.

Na kama umeme ulikatika katikati ya kurekodi na faili linasoma baiti 0, usiruhusu Windows "irekebishe" flashi wala usirekodi tena juu yake. Ichomoe, chukua taswira yake nzima (nakala ya kila baiti ya flashi) kwenye kompyuta, kisha jaribu PhotoRec (programu ya kurudisha mafaili yaliyopotea) kwenye hiyo taswira.